Tambi Juu ya Ua

Kulipokucha tu, kabla kuku hawajamaliza kugombania punje, sauti ya Redio ilikuwa imeshajaa kitaluni.

"Nyinyi michungwa leo mmelala sana. Na wewe mparachichi, mbona umenuna? Maji haya hapa, kunywa, usije ukanitia matatani kwa Baba."

Alikuwa akisema huku akinyunyizia miche maji kwa kopo lenye matundu, mche mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ndani ya kiriba chake cheusi kilichojazwa udongo. Jina lake la kweli alikuwa nalo, lakini hilo lilitumika darasani tu. Nyumbani na njiani aliitwa Redio, kwa sababu tangu alipojua kusema hapakuwa na aliyekiona kitufe cha kumzimia.

Baba yake aliuza miche. Upande wa pili wa ua aliishi Baba Mkubwa, kaka yake Baba, ambaye alikuwa seremala. Ua wenyewe ulikuwa wa michongoma iliyoshikana barabara, na ulipandwa na mama yao, bibi yake Redio, kabla hajafariki. Katikati ya ua huo palikuwa na upenyo mdogo wa kupita mtoto. Hapo ndipo Redio alipopita kila siku kwenda kumwita Taratibu, mtoto wa Baba Mkubwa, waende shule pamoja. Taratibu naye alipewa jina linalomfaa. Redio alimaliza hadithi tatu kabla mwenzake hajafunga kamba za viatu.

Wale ndugu wawili walikuwa watu wema mpaka wakasirike. Wakikasirika, ee Mungu tuepushe! Mama alizoea kusema kwamba hasira zile walizinyonya ziwa moja, na kwamba siku moja zingewatokea puani. Nyumbani kwa Redio palikuwa na mkanda wa ngozi uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na haukuwekwa pale kwa ajili ya kushikia suruali.

Siku moja wakati wa likizo, Redio na Taratibu walikuwa wakicheza mchezo wa kupika nyuma ya kitalu. Udongo ulikuwa unga na mchanga ulikuwa sukari. Chakula cha wageni kilikuwa tambi. Tambi hizo Redio alizichuma njiani, kwenye miti inayozunguka mashine ya kusaga. Zilikuwa nyuzi nyembamba za rangi ya njano, hazina majani, zimejisokota juu ya miti kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Watoto wote wa shule waliziita tambi. Walizichuma, wakazipika kwenye makopo, wakavishana vichwani kama wigi, wakapigana nazo.

"Redio! Njoo uchukue maji haya!" Mama akaita kutoka jikoni.

"Naja!" Redio akajibu. Taratibu alikuwa ameshaondoka kurudisha kopo la mama yake. Redio akaliona sufuria lake la kuchezea limejaa tambi. Kuzipeleka jalalani ilikuwa mbali. Akazikusanya zote kwa mikono miwili, akazirusha juu ya ua, akajipangusa kwenye gauni na kukimbia. Baada ya hapo hakuzifikiria tena. Nani hukaa akifikiria tambi za mchezo?

Mvua zikaja, zikanyesha vizuri. Shule zikafunguliwa.

Asubuhi moja Redio aliamshwa na kelele za baba yake. Alitoka nje na kanga ya Mama mabegani, akamkuta Baba amesimama mbele ya ua, mikono kiunoni. Ua ule wa kijani ulikuwa umefunikwa na nyuzi za njano tangu kwenye upenyo hadi karibu na choo. Chini ya nyuzi, matawi yalikuwa yamekauka. Baadhi ya nyuzi zilishauvuka ua, zikajivingirisha kwenye miche ya michungwa iliyopangwa karibu, na machipukizi yake yalikuwa yamekunjamana.

"Hii ni nini?" Baba alifoka. "Nani kaniletea balaa hili?"

Bibi shamba aliitwa. Alikuja kwa pikipiki yake, akavua kofia, akaushika uzi mmoja na kuukagua kwa makini. Baba Mkubwa naye akatokea upande wake wa ua, penseli ya seremala sikioni.

"Huu ni mlangamia," bibi shamba akasema. "Mmea mgeni huu, haukuwa huku kwetu. Njooni muuone. Hauna mizizi ardhini, hauna majani. Unajifunga kwenye mti wa mwenzake, unatoboa ngozi yake na kunyonya. Mti ukifa, wenyewe umeshahamia wa pili. Ukiingia kwenye matunda, matunda basi. Ukiingia msituni, msitu nao unaugua."

"Umefikaje hapa?" Baba akauliza.

"Kwa mbegu, au kwa kipande. Hauhitaji kingi. Kipande cha urefu wa kidole kikianguka juu ya mti, kinatosha." Akawageukia ndugu wote wawili. "Sasa sikilizeni. Ua una pande mbili, lazima muukate pamoja, siku moja, na mchome papo hapo. Mmoja akikata na mwingine akaacha, ni kazi bure. Na wewe, mwenye miche, usiuze hata mche mmoja mpaka kitalu kiwe safi. Usije ukausambaza nchi nzima."

Baba alitikisa kichwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Kutouza miche maana yake ilikuwa nyumba kukosa hela ya chakula. Akamwangalia kaka yake.

"Ni mbao zako," akasema. "Wewe ndiye unayekwenda msituni kuleta magogo. Umetuletea na hili."

"Mbao zangu?" Baba Mkubwa akacheka, lakini kicheko kilikuwa cha midomo tu. "Mbao zimekauka zile! Ni nani anayeleta miche mibichi kutoka huku na huko, hata haulizi ilikotoka? Umejiletea mwenyewe, sasa unatafuta wa kumbebesha."

"Usinitukane kwangu!"

"Niko kwangu mimi, na ua ni wa mama!"

"Basi nisikie," Baba akasema, na mshipa wa shingo ukamsimama. "Nitamjua aliyeuleta. Na nikimjua nitamkata mkono, hata awe nani."

Redio alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Tangu bibi shamba alipoushika uzi ule, alikuwa hajauondolea macho. Mlangamia hakuujua. Hilo jina hakulisikia hata siku moja maishani mwake. Lakini zile zilikuwa tambi, na pale zilipoanzia ndipo alipozirusha. Akaificha mikono yake ndani ya kanga. Mtoto akisikia baba yake anasema atakata mkono, haelewi kwamba ni maneno ya hasira. Anauona mkono.

Siku ile, kwa mara ya kwanza, Redio ilizimika.

Kukata ua pamoja, hakuna aliyetaka. "Aliyeuleta ndiye aukate," Baba alisema. "Aliyeuleta ndiye aukate," Baba Mkubwa alisema, na kila mmoja alimwona mwenzake mpumbavu. Mlangamia wenyewe haukuwa na habari na ugomvi wao. Ulikuwa ukila tu, mchana na usiku, na kunenepa.

Halafu Baba akashindwa kuvumilia. Alichukua panga, akaufyeka ua upande wake huku akitukana kila pigo, kisha akazoa zile nyuzi kwa reki na kuzitupa ng'ambo. "Chukua mali yako!" Zikaangukia kwenye nyanya za Baba Mkubwa. Jioni Baba Mkubwa akazikuta, akazikusanya, akazirudisha kwa uma wa kuzolea takataka, zikatua katikati ya kitalu. "Yako hiyo!" Kesho yake zikarushwa tena. Jamani, watu wazima wawili! Walikuwa wakipanda mlangamia kwa mikono yao wenyewe, kila mmoja akidhani anamkomoa mwenziwe. Baada ya muda nyanya zikawa za njano, na michungwa ikawa ya njano, na mparachichi uliokuwa ukisemezwa na Redio kila asubuhi ukafungwa nyuzi mpaka juu, ukafa umesimama.

Ugomvi ukaacha mimea, ukaingia kwa viumbe. Jogoo wa Baba Mkubwa alipopita kitaluni, Baba alimtupia jiwe akamvunja mguu. Baba Mkubwa alimchinja yule jogoo mbele ya ua, akainua kichwa chake juu Baba akione, damu ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi iliyofuata safu nzima ya miche ilikutwa imekanyagwa, viriba vimepasuka, na alama za buti la seremala zilikuwa wazi kwenye udongo. Baba aliupiga ngumi ukuta mpaka vifundo vya mkono vikachubuka.

Jioni hiyohiyo Redio alionekana akipita kwenye upenyo.

"Nimekukataza kwenda kule au sikukukataza?" Baba akauliza, na hakungoja jibu. Alichukua mkanda nyuma ya mlango. Alimpiga miguuni na mgongoni, akampiga kama vile ndani ya ngozi ile ndogo alikuwa amejificha Baba Mkubwa. Mama akajitupa katikati, akaupata mkanda mmoja shavuni.

"Utaua mtoto! Utaua!"

Baba alisimama, akahema, akautazama mkanda. Kisha akautupa na kwenda kukaa nje peke yake. Redio hakulia. Alikuwa akijiambia: akinipiga hivi kwa kupita upenyoni tu, siku akijua la tambi itakuwaje?

Kesho yake, wakitoka shule, Taratibu alimngoja njiani karibu na mashine ya kusaga. Walikuwa hawajazungumza kwa muda mrefu. Miti ya pale ilikuwa imefunikwa, njano tupu, na watoto wadogo wa darasa la kwanza walikuwa wakichuma tambi na kuvishana.

"Redio," Taratibu akasema, polepole kama kawaida yake. "Zile za kwenye ua ni tambi. Tulikuwa nazo siku ile ya mchezo. Ulizitupa wapi?"

"Sikutupa popote."

"Sufuria lilikuwa limejaa. Niliporudi lilikuwa tupu." Taratibu alisogea karibu. "Jana baba yangu alikuwa ananoa shoka. Hakuna kazi ya shoka karakana kwa sasa. Twende tukawaambie wote wawili. Nitakwenda na wewe."

"Ukisema nitakupiga."

"Nisiposema watauana."

"Nyamaza!"

"Nitasema leo, Redio. Samahani."

Redio alikuwa ameokota jiwe bila kujijua. Alimpiga Taratibu nalo mdomoni kwa nguvu zake zote. Taratibu alikaa chini pale pale vumbini, akaweka mkono kinywani, na alipoutoa ulikuwa umejaa damu, na katikati ya damu palikuwa na jino. Alilitazama, kisha akamtazama Redio.  Aliinuka, akakimbia nyumbani huku damu ikimdondokea kwenye sare nyeupe. Yeye ambaye hajawahi kukimbia!

Redio naye akakimbia nyuma yake. Alitaka kumshika, alitaka kumwomba radhi, alitaka dunia irudi nyuma kidogo tu. Hakumfikia.

Baba alikuwa kitaluni akinoa panga, akachonge vijiti vya kusimamishia miche iliyobaki. Redio aliingia akihema.

"Baba," akasema. "Baba, kuna jambo..."

"Toka nje wewe mnafiki!" Sauti ya Baba Mkubwa ilitangulia kabla yake. Alipita katikati ya ua ule uliokufa, matawi makavu yakivunjika kifuani pake. Mkono mmoja alimshika Taratibu, mkono wa pili alishika kipande cha ubao. "Umemmaliza jogoo wangu, sasa umehamia kwa mtoto! Ona! Ona alivyofanywa na mwanao! Ulimtuma, sema ulimtuma!"

"Rudi kwako kabla sijakuharibu," Baba akasema na kusimama, panga mkononi.

"Baba, ni mimi," Redio akasema.

Nani alimsikia? Baba Mkubwa alimwachia Taratibu, akauinua ubao na kumpiga Baba begani. Mlio wake ulikuwa kama wa kuni inayopasuka. Baba alianguka chali juu ya viriba, udongo ukamrukia usoni. Akapigwa wa pili mbavuni. Mama alitoka jikoni akipiga mayowe. Mama Mkubwa akaja mbio, akamshika mumewe shati kwa nyuma, shati likachanika, akabaki na kitambaa mkononi.

"Ni mimi!" Redio alikuwa akilia sasa. "Ni mimi niliyetupa tambi! Baba Mkubwa! Ni mimi!"

Mtoto aliyekuwa akisikika pande zote mbili za ua, siku aliyokuwa na la kusema, hakuna aliyemsikia. Baba aliinuka. Uso wake ulikuwa na udongo na damu, macho hayakuwa ya mtu anayemwona aliye mbele yake. Alilinyanyua panga juu ya kichwa. Baba Mkubwa akajikinga kwa ubao alioushika kwa mkono wa kushoto. Panga likashuka, likaukuta ubao, likateleza juu yake mpaka lilipofika kwenye vidole.

Kidole cha shahada kilianguka kati ya viriba.

Kelele zote zilikatika mara moja. Hata Mama alinyamaza, mdomo wazi. Na katika ukimya ule sauti moja tu ilibaki ikipiga kelele, kwa sababu mwenyewe hakuwa amejua kwamba wengine wamenyamaza.

"...ni mimi niliyetupa tambi juu ya ua!"

Wote wakamgeukia.

Baba Mkubwa aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Damu ilikuwa ikiruka. Mama ndiye aliyepata akili wa kwanza. Alifungua kanga kiunoni, akamfunga mkono kwa nguvu, akamkalisha chini, akauinua mkono juu. "Bodaboda! Kimbia ukaite bodaboda!" akamwamuru Mama Mkubwa. Seremala mwenyewe, midomo imekwisha rangi, alikuwa bado anamtazama Redio.

"Tambi gani?" akauliza.

"Hizo." Redio alionyesha nyuzi za njano. "Sisi tunaziita tambi. Nilizichuma kwenye mashine. Nilikuwa nazipika kwenye mchezo, nikazitupa juu ya ua. Sikujua kuwa ni mlangamia. Na nilipojua, nikanyamaza. Taratibu alitaka kusema ndipo nikamvunja jino. Hakunituma mtu."

Panga lilimtoka Baba mkononi. Aliketi chini kwenye udongo, akashika kichwa kwa mikono miwili, na hapo Redio alimsikia baba yake akilia kwa mara ya kwanza. Aliapa atamkata mkono aliyeuleta mlangamia. Alikuwa amemkata ndugu yake, asiye na hatia.

Zahanati walijaribu, lakini kidole hakikurudi. Baba yeye alichukuliwa na polisi jioni ileile, na alipanda gari lao bila kubishana.

Mama alipompelekea chakula kituoni, Redio alikwenda naye. Baba alikaribia nondo za mlango. Ndevu zilikuwa zimemwota, na nguo bado zilikuwa na udongo wa kitaluni.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza. Sauti haikuwa na ukali wowote.

"Ulisema utamkata mkono."

 Baba aliangalia mikono ya binti yake iliyoshika nondo, mikono midogo yenye udongo kwenye kucha.

"Nilisema, kweli," akajibu. "Mdomo wangu huu." Kisha akautoa mkono wake nje, akakiweka kiganja chake juu ya mikono ile. "Nisamehe, mwanangu. Mzazi akitisha sana, watoto wake humficha hata moto ukiwa juu ya paa."

Bibi shamba alirudi. Safari hii hakuna aliyembishia. Alikusanya Mama, Mama Mkubwa, Redio na Taratibu, na Baba Mkubwa mwenyewe aliyekuwa na bandeji kubwa na mkono mmoja wa kufanyia kazi. Walitandika maturubai chini pande zote za ua ili kisidondoke hata kipande. Walikata kila tawi chini ya pale nyuzi zilipoishia, maana ukikata uzi tu, vipande vilivyozama kwenye mti huchipua upya. Nyanya zote ziling'olewa. Michungwa yote iliyoshikwa iliingia motoni, pamoja na mparachichi. Ua wa Bibi ulibaki visiki vilivyofika magotini, na kwa mara ya kwanza jiko moja liliona jiko la pili. Moshi uliwatoa machozi wote, wakapata kisingizio.

Taratibu na Redio walikuwa wakishika turubai moja.

"Naomba unisamehe," Redio alisema. "Hata ukitaka kunipiga na wewe, piga."

Taratibu alifikiri taratibu. "Sipigi," akasema, na pengo likapitisha upepo katika neno lile. "Wewe unapiga, baba yako anapiga, baba yangu anapiga. Mimi nimechoka." Akavuta ncha yake ya turubai. "Shika vizuri, vitamwagika."

Wiki ileile Redio alisimama mbele ya shule nzima, bibi shamba akiwa kando yake.  Akainua uzi mmoja uliofungiwa ndani ya chupa. "Hizi tunaziita tambi," akasema. "Jina lake ni mlangamia." Akawaeleza yote, na lile la jino pia. Wachache walicheka mwanzoni, wakaacha. Jumamosi wanafunzi walikwenda na walimu wao na mwenye mashine ya kusaga, wakaikata na kuichoma miti yote ya pale. Wale wadogo wa darasa la kwanza walikatazwa kuvaa wigi.

Kesi ilipoitwa, Baba Mkubwa alisimama akasema kwamba aliyeanza kupiga kwa ubao ni yeye, na kwamba ndugu yake amesamehewa. Baba alionywa vikali, akaamriwa kugharamia matibabu, akarudi nyumbani. Alipofika hakuingia ndani. Alivuka visiki, akaenda moja kwa moja karakana, akapiga magoti kwenye takataka za randa. Walichoambiana hakuna aliyekisikia. Mkanda ulitolewa nyuma ya mlango siku hiyo. Baba aliukata mwenyewe, akautumia kufungia lango la kitalu.

Sasa kila mwisho wa wiki ndugu hao hukagua visiki pamoja, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Wakiona uzi mmoja wa njano, huitana. Michongoma imeanza kuchipua.

Redio naye amepata kazi. Seremala hushika msumari kwa kidole cha shahada na gumba la mkono wa kushoto, na Baba Mkubwa kidole hicho hana tena. Kwa hiyo baada ya shule Redio huenda karakana, akashika msumari, na Baba Mkubwa akapiga nyundo. Siku za mwanzo alifumba macho. Siku hizi hafumbi.

Alasiri moja walikuwa wakitengeneza dawati. Redio alikuwa kimya tangu alipofika, na hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Unakumbuka bibi shamba alivyosema?" Baba Mkubwa akauliza, akichagua msumari. "Kipande cha urefu wa kidole kinatosha. Nimelala na neno hilo zahanati. Kosa lako lilikuwa hivyo, mwanangu. Lilikuwa dogo. Ungelisema siku ile ile, ungelia kidogo, tungekata ua, tungelala. Ulilificha, likajifunga kwetu sote likanyonya. Na sisi wakubwa, badala ya kuling'oa, tukarushiana." Alimpa msumari. "Basi ukikosa, sema kosa likiwa bado dogo. Redio iliyozimwa ni boksi tu, kazi yake kukusanya vumbi. Haya, shika."

Redio aliuweka msumari juu ya ubao, akaushika kwa vidole viwili. Nyundo ikapanda.

"Baba Mkubwa."

"Naam."

"Ule msumeno wako mdogo unaoutafuta. Nimeuvunja mimi. Nilikuwa nakata nao bati."

Nyundo ilisimama hewani. Kule kwenye randa Taratibu aliinua kichwa. Baba Mkubwa alimkazia Redio macho, na mshipa wa shingo, ule waliopewa na mama yao wote wawili, ukaanza kusimama. Redio hakuondoa vidole kwenye msumari.

"Lini?" Baba Mkubwa akauliza.

"Leo asubuhi."

Baba Mkubwa alishusha pumzi ndefu.

"Basi hilo bado dogo," akasema, na akapiga msumari.